Kofia ya Mwanafunzi Wetu

Mwalimu hupenda kusimulia makosa ya wanafunzi wake kuliko makosa yake mwenyewe. Leo tutafanya kinyume. Tutaungama mbele yenu makosa mawili tuliyomtendea mtoto mmoja wa darasa letu. Hatukuyatenda kwa chuki wala kwa uvivu, bali kwa kutojua. Tunayaeleza kwa sababu tunaamini kwamba katika parokia nyingi wako watoto kama yule, nao huumizwa kila siku na watu wasiowatakia mabaya hata kidogo.

Shule yetu iko juu ya kilima, katika nchi ya Kivu, si mbali na ziwa. Hewa ya huko ni ya baridi. Asubuhi ukungu hufunika mashamba, na wageni watokao mabondeni hutetemeka. Katika mwaka wa tano tulikuwa na mvulana mmoja aliyezaliwa na ualbino. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, nywele zake za rangi ya majani makavu, na macho yake hayakutulia. Baba yake na mama yake ni weusi kama sisi, na ndugu zake wote vilevile. Alikuwa mtoto mtulivu, hodari wa hesabu za kichwa, na kila siku alifika amevaa kofia pana iliyosukwa na mama yake.

Kofia hiyo ndiyo iliyotukosesha. Sheria ya shule ilitaka kila mwanafunzi asimame kichwa wazi mbele ya bendera na mbele ya mwalimu. Sisi tulilelewa seminarini, na huko tulifundishwa kwamba utaratibu hulinda roho kama ua ulindavyo bustani. Mafundisho hayo ni mema, na hata leo hatuyakatai. Lakini Jumamosi moja tulipeleka darasa letu kupanda maharage katika shamba la shule. Mbingu zilikuwa na mawingu, na upepo wa baridi ulitoka ziwani. Mtoto yule alituomba ruhusa ya kufanya kazi na kofia yake. Tulimjibu mbele ya wenzake: «Leo hakuna jua. Au wewe ni mkubwa kuliko wengine?» Watoto wakacheka. Akaivua, akaiweka chini ya mti, akalima na wenzake tangu saa tatu hata saa sita.

Siku ya Jumatatu hakuja. Wala Jumanne. Jumatano jioni tulikwenda nyumbani kwao, nusu kwa wasiwasi na nusu kwa kutaka kumwonya juu ya utoro. Tulimkuta amelala kifudifudi. Shingo yake yote ilikuwa malengelenge kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Masikio yalikuwa yamevimba, na midomo imepasuka. Tulisimama mlangoni tukakosa neno.

Mama yake alitupa kiti, akasema bila kupaza sauti: «Mwalimu, kaka yangu alizaliwa kama huyu. Alilima maisha yake yote bila kofia. Siku moja alipata kidonda kidogo sikioni, tukasema ni mwiba. Kidonda kile hakikupona. Kikala sikio, kikashuka shingoni, na ndicho kilichomtia kaburini. Kwa hiyo nilimsukia mtoto huyu kofia kabla hajajua kutembea vizuri.»

Tulitamani atugombeze. Hakutugombeza. Alitusindikiza mpaka njiani, akatutakia usiku mwema.

Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. La pili tulilitenda kwa kutaka kurekebisha la kwanza. Tulipopata mshahara tulishuka mjini, tukaingia sokoni kutafuta mafuta ya kukinga jua. Mwuzaji mmoja alituonyesha kopo zuri, lenye picha ya jua na ya mwanamke anayecheka. Akatuambia: «Mwalimu, haya ndiyo ya jua, ngozi itakuwa laini.» Tulilipa, tukarudi kwa furaha. Lakini kabla ya kulipeleka kwa mama wa mtoto, tulipita dispensari ya misioni kumwonyesha Mama Sista mwuguzi. Alivaa miwani yake, akaligeuza kopo, akasoma herufi ndogo za nyuma. Kisha akatutazama. «Mwalimu, wewe huwafundisha watoto kusoma. Kopo hili hukulisoma?»

Kumbe yalikuwa mafuta ya kujichubua! Ndani yake mlikuwa na hidrokinoni, dawa inayoiondolea ngozi rangi yake. Tungempaka mtoto yule dawa ya namna hiyo juu ya malengelenge ambayo hayajapona, na kuambiwa asante juu yake.

Tangu siku ile tuliamua kujifunza jambo hili kama tulivyojifunza katekisimu, swali kwa jibu. Tunawapa hapa yale tuliyoyapata.

Kwanza, ualbino ni nini? Si ugonjwa wa kuambukiza, si laana, wala si dalili kwamba mama alikosa uaminifu katika ndoa. Mwenyezi Mungu ameweka katika ngozi zetu rangi iitwayo melanini. Mtu mwenye ualbino hana rangi hiyo, au anayo kidogo sana. Jambo hili hutoka kwa baba na kwa mama pamoja. Kila mmoja wao aweza kuwa mweusi kabisa, lakini anabeba mbegu hiyo ndani yake bila kujua. Wazazi wawili wanaoibeba wakikutana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Katika Afrika yetu, kusini mwa Sahara, wataalamu hukadiria kwamba huzaliwa mtoto mmoja hivi wa namna hiyo kati ya watoto 5,000 hadi 15,000. Basi baba anayemfukuza mke wake kwa sababu ya mtoto kama huyo humfukuza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelichangia nusu.

Pili, melanini hufanya kazi gani? Ni mwavuli. Jua hutoa mwanga tunaouona na joto tunalolisikia, lakini hutoa pia miale isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Miale hiyo ni ya aina mbili zinazotufikia. Ile ya UVB huunguza ngozi ya juu, na ile ya UVA hupenya ndani zaidi. Zote mbili huharibu ngozi kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata ikaota saratani. Melanini huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Asiye nayo husimama juani kama askari asiye na ngao.

Tatu, na hapa ndipo tulipokosea siku ile ya maharage: kwa nini aliungua, hali kulikuwa na baridi na mawingu? Kwa sababu ngozi haiunguzwi na joto bali na miale, na miale haina joto la kuonya. Shirika la Afya Ulimwenguni, tunaloliita OMS, hufundisha kwamba mawingu mepesi huweza kupitisha hata sehemu 80 katika 100 za miale hiyo. Tena hufundisha kwamba kila tukipanda mita 1,000, nguvu ya miale huongezeka kwa sehemu 10 hadi 12 katika 100, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu viko juu zaidi. Wanafunzi wa mwaka wa tano waweza kufanya hesabu hiyo wenyewe. Tena tuko karibu na ikweta, ambapo jua la adhuhuri husimama karibu juu ya utosi. Kwa hiyo baridi ya Kivu ni mwongo mkubwa. Humwambia mtu «usiogope» saa ileile anapoungua.

Iko kanuni nyepesi ambayo hata mtoto mdogo ataishika. Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta kivuli. Kikiwa kirefu kuliko wewe, hatari imepungua. Saa za kuogopwa zaidi ni tangu saa nne asubuhi hata saa kumi alasiri.

Nne, tufanye nini? Wengi wakisikia habari hizi hukimbilia swali la mafuta, kisha hukata tamaa kwa sababu ya bei. Lakini mafuta siyo ya kwanza. Ya kwanza ni kivuli, ya pili ni nguo, ya tatu ni kofia, na ya mwisho ni mafuta kwa sehemu zilizobaki wazi.

Nguo nzuri ni ile yenye mikono mirefu, iliyofumwa kwa kubanana. Iinueni mbele ya dirisha: mkiona mwanga unapita katikati ya nyuzi, miale nayo itapita. Kitenge kizito hukinga vizuri, na rangi iliyokolea hukinga kuliko nyeupe nyembamba. Shati iliyolowa maji hukinga vibaya kuliko iliyo kavu. Kofia iwe na ukingo mpana pande zote, upana wa kiganja cha mtu mzima. Kofia ndogo yenye ukingo wa mbele tu huyaacha masikio na shingo, na huko ndiko vidonda vibaya hupenda kuanzia. Mama wa mwanafunzi wetu, ambaye hakuingia shule hata siku moja, alisuka kofia kama wataalamu wanavyoagiza.

Sasa tuje kwenye mafuta. Anayetaka kununua asitazame picha, asome herufi. Kwanza atafute SPF, ambayo kwa Kifaransa huandikwa FPS, na namba inayofuata. Namba hiyo hueleza nguvu ya kuzuia UVB. Yenye 15 huzuia sehemu 93 hivi katika 100, yenye 30 huzuia 97, na yenye 50 huzuia 98. Mnaona kwamba 50 si maradufu ya 30, wala hakuna namba inayozuia yote. Kwa mtoto mwenye ualbino, isipungue 30. Pili, atafute herufi UVA, maana mafuta mengine huzuia miale ya kuunguza tu na kuiacha ile inayopenya. Mafuta yatokayo Ulaya huonyesha herufi hizo ndani ya duara. Tatu, atazame tarehe ya mwisho, na asikubali kopo lililowekwa juani siku nyingi, kwa sababu joto huyaharibu. Nne, asome yaliyomo. Akikuta neno linaloanza na herufi h-y-d-r-o-q, hilo ni hidrokinoni. Akikuta zebaki, au dawa kali za steroidi kama klobetasoli, arudishe kopo mezani, hata kama mwuzaji ni rafiki yake. Tena ni heri kununua farmasi kuliko njiani, na kumwonyesha mwuguzi kabla ya kupaka.

Mafuta ya mawese na vazelini hulainisha ngozi, lakini hayazuii jua. Twasema hivi kwa sababu mama wengi huwapaka watoto wao mafuta hayo, kisha huwapeleka shambani wakidhani wamewakinga.

Hata mafuta mazuri hayafai kitu yakipakwa kama manukato. Kwa uso na shingo, mtu mzima anyooshe vidole viwili, cha shahada na cha kati, akamulie mafuta kutoka shina hata ncha za vidole hivyo. Hicho ndicho kipimo. Masikio yasisahauliwe, wala midomo, wala mgongo wa mikono. Apake kama robo saa au nusu saa kabla ya kutoka nje, na arudie kila baada ya saa mbili, au baada ya kutoka jasho au kuoga. Mwili mzima wa mtu mzima hutaka mililita 30 hivi kwa mara moja. Chupa ya mililita 100 ingekwisha kwa mara tatu! Ndiyo maana tumetanguliza nguo na kofia. Aliyevaa mikono mirefu, suruali na kofia pana hupaka uso, shingo, masikio na mikono tu, na chupa yake hudumu. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi sita asipakwe, bali akae kivulini na kufunikwa kwa nguo nyepesi.

Hatuko peke yetu katika kazi hii. Katika mji wa Moshi, nchini Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kiko chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992. Huko yalitengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya Waafrika wenye ualbino, yakagawiwa bila malipo pamoja na mafundisho ya namna ya kujikinga. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 13 Juni ya kila mwaka iwe siku ya kuwakumbuka watu hao. Na mwaka 2025 OMS iliyaandika mafuta ya kukinga jua katika orodha ya dawa za lazima, kwa ajili yao. Zamani watu waliyahesabu kuwa pambo la wasafiri matajiri. Kwa mwanafunzi wetu ni dawa, kama kwinini ilivyo kwa mwenye homa ya malaria.

Hapa yatupasa kusema neno moja zito kwa dada zetu, na hata kwa kaka zetu, wanaojichubua. Mtoto yule, alipokuwa kitandani, alituuliza: «Mwalimu, hakuna dawa ya kunifanya niwe mweusi kama ninyi?» Tulimjibu kwamba haipo. Siku chache kabla ya Pasaka tuliwaona sokoni wanawake wakishindania makopo yaleyale tuliyonunua sisi kwa ujinga. Wananunua kwa fedha hasara ambayo mtoto yule alizaliwa nayo bila kuitaka! Ngozi nyeusi ni zawadi. Haizuii miale yote, lakini hukinga kweli. Anayeichubua huuvunja mwavuli wake kwa mkono wake mwenyewe, na tena huipitishia zebaki mpaka kwenye figo zake. Mtakatifu Paulo hutukumbusha kwamba mwili wetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nani hubomoa paa la hekalu kwa sababu majirani wanasifu kuta zisizo na paa?

Mwanafunzi wetu alirudi baada ya wiki mbili. Kabla hajarudi tulikwenda kwa direkta wa shule, tukamweleza yote bila kuficha, tukaomba sheria ya kofia ibadilishwe kwa ajili yake. Direkta alifikiri, akasema: «Wengine nao watadai.» Tukajibu: «Wakidai wawe na kofia shambani, tuwape. Tutapoteza nini?» Akakubali. Tukamhamisha mtoto dawati, akae mbele kabisa lakini mbali na dirisha, kwa maana macho yasiyo na rangi hayaoni mbali, na mwanga mkali huyaumiza. Tukaanza kuandika ubaoni kwa herufi kubwa. Muhula ule alama zake za Kifaransa zilipanda, nasi tukaona aibu ya tatu: miaka yote ile alikuwa amehesabiwa mzito katika kusoma, kumbe hakuuona ubao.

Ilibaki kanisani. Siku ya maandamano ya Sakramenti Takatifu, wakristu wote hutembea nje nyuma ya Padri, tangu asubuhi hata karibu na adhuhuri. Wanaume hutembea vichwa wazi kwa heshima ya Bwana wetu. Katekista mmoja, mzee mwema aliyetufundisha sala sisi wenyewe, alimwendea mtoto yule akamnong'oneza avue kofia. Mtoto alitutazama. Tulimwendea mzee wetu kwa adabu, tukamwambia: «Baba, tafadhali umwachie. Sisi tulimvua mara moja, na malengelenge yake tuliyaona kwa macho yetu.» Mzee akanyamaza. Padri aliposikia, alisema Jumapili iliyofuata mahubirini kwamba Bwana wetu aliwakemea wale walioishika sabato wakamsahau mgonjwa, na kwamba kofia ya mtoto yule haimvunjii Mungu heshima kuliko bandeji ya mwenye jeraha. Tangu hapo hakuna anayeigusa.

Basi, wazazi wakristu, nanyi walimu wenzetu, tunawaomba mambo machache. Akizaliwa mtoto wa namna hiyo katika nyumba yenu au ya jirani, msimfiche na msimwonee haya. Msukieni kofia, mshoneeni mikono mirefu, mpangieni kazi za asubuhi sana au za jioni. Mkiona katika ngozi yake kidonda kisichopona kwa wiki chache, au doa gumu linalotoka damu, msingoje wala msimpeleke kwa waganga. Mpelekeni kwa daktari, kwa maana saratani ya ngozi ikikatwa mapema huweza kupona kabisa. Mjomba wa mwanafunzi wetu hakuwa na mtu wa kumwambia hayo.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, kesho asubuhi mtakapopanga mstari uwanjani, tazameni kama yuko mwenzenu asiye na kofia anayeihitaji. Msingoje mwalimu awaambie. Mwalimu naye, kama mlivyoona, aweza kuwa hajui.